Mvule wa babu: toboa kwanza, bei baadaye

Mvule wa marehemu babu umesimama nyuma ya zizi kijijini kwetu Ukerewe. Watu wawili tukiukumbatia, mikono haifikiani. Mwaka huu tawi moja kubwa limekauka, na habari zilimfikia mnunuzi wa mbao kabla yangu. Alikuja, akauzunguka mara moja, akataja bei. Baba mdogo alikuwa tayari. "Mti ukizeeka ni kuni tu, mwanangu," aliniambia kwenye simu. "Tuuze kabla haujaoza."

Nilimwelewa, maana mbao za mvule haziogopi mchwa na wateja wake hawakosekani. Lakini umri wa mti hausomwi kwenye gome. Mvule unaweza kuonekana mzima huku moyo umeshaoza. Ukiuangusha unabaki na ganda na shimo. Mnunuzi analijua hilo na ameshalikata kwenye bei yake. Wakati mwingine ndani kuna jiwe la chokaa linalomaliza meno ya msumeno, na hilo nalo amelipigia hesabu.

Basi nikaazima keekee ya mkono, ile ya kutobolea mbao, kwa seremala jirani yangu hapa Kirumba, Mwanza, nikapanda meli hadi Nansio, bandari ya Ukerewe. Tuligonga shina kwa mgongo wa shoka. Upande wa zizi ulilia "ko", mkavu. Upande wa ziwani ukaitika kama ngoma. Tukatoboa hapo. Vumbi la kwanza lilitoka la manjano. Kufikia kina cha kiganja, keekee ikazama yenyewe, ikatoa unga wa kahawia, wenye unyevu, unaonuka uyoga. Baba mdogo aliunusa, akajipangusa vidole kwenye suruali, kimya.

Ungekuwa mzima ningesema tukate, wala sioni aibu. Tungefuata kibali cha misitu, tukapasua wenyewe, tukazipanga mbao kivulini na vijiti katikati hadi zikauke, mama akapata milango. Kuuza mti uliosimama ni kuuza mbuzi ndani ya gunia.

Wanaosema "kata, panda mwingine" sidhani kama wamewahi kulea mche wa mvule. Kuna kijidudu kinachoyafanya majani machanga yavimbe vinundu, kisha ncha inaoza. Wetu ni jike, unazaa. Popo wanakula matunda usiku na kutawanya mbegu mbali kuliko tunavyoweza sisi.

Tumekata lile tawi kavu tu, kwa sababu liko juu ya njia ya watoto ya kwenda kisimani. Limetoa kigoda kimoja na kuni za wiki.