Nguzo Zisionekane

Bwawa langu la kwanza nililichimba uani kwetu, hapa Morogoro, na kwa miezi mitatu niliwalisha perege wangu kwa uaminifu bila kujua kwamba niliyekuwa nikimnenepesha ni mdiria, aliyekuwa akifika alfajiri kabla yangu, pamoja na kenge mmoja wa zamu ya mchana. Katika vifaranga 200 nilivuna samaki 11. Ndipo nilipoamua kwamba bwawa la pili litajengwa mahali ambapo kenge hawezi kufika bila kupiga hodi, yaani sebuleni.

Mke wangu aliniuliza kama ninaumwa. Nilimwonyesha mchoro: sanduku la mbao juu ya sakafu, urefu mita 3, upana mita 2, kimo mita 1, limetandikwa turubai zito, na kando yake pampu ya kupandisha maji kwenye pipa la kokoto, ambamo bakteria wangejenga makazi na kuiondoa sumu ya amonia itokanayo na kinyesi cha samaki. Habari za amonia nilizisoma wiki nzima. Habari za mbao sikuzisoma, kwa sababu mbao nazijua.

Fundi seremala aliuliza maji yatakuwa kiasi gani, nami nikamjibu kwamba yatatosha. Hesabu yenyewe ni nyepesi: lita 6,000, sawa na ndoo 300 za lita 20, uzito wake tani 6. Sakafu ya zege iliyolala juu ya ardhi iliuweza mzigo huo, nami nikaridhika, maana nilidhani maji hukandamiza chini tu kama gunia la mahindi. Kumbe husukuma na pembeni, na upande mrefu wa sanduku kama lile ukijaa hubeba msukumo unaokaribia uzito wa tani moja na nusu, usiku na mchana.

Fundi alitaka nguzo zisimame nje, mbao zipigiliwe kwa ndani. Nilikataa katakata. Nguzo zikionekana, nilimwambia, sebule itafanana na zizi. Azifunge ndani, mbao zizifunike kwa nje, kisha zipakwe vanishi. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mzee, hapo maji yatang'oa misumari badala ya kuikaza." Nikamkumbusha nani analipa.

Kwa ajili ya mgao, bwawa lilijaa kwa siku nne. Tuliliacha siku nyingine mbili ili klorini ipungue, kisha nikatia kambale 10, ambao huvumilia maji ambayo samaki wengine hawayawezi, watangulie mpaka bakteria wakomae. Baada ya wiki mbili upande mmoja ulianza kuota kitambi. Nilimweleza mke wangu kwamba mbao zinajinyoosha.

Katika hali hiyo alitufikia mama mkwe kutoka Ifakara, mwanamke aliyekua akiwaona wavuvi wa Mto Kilombero kila siku ya Mungu. Alikaribishwa kwenye kochi lililo karibu na bwawa, nami nikakaa mbali kama adabu inavyotaka. Alikitazama kile kitambi, akaniuliza kwa upole, "Baba, huyu ana mimba ya miezi mingapi?"

Sikupata nafasi ya kujibu. Msumari wa kwanza ulichomoka kwa mlio, ukafuatwa na wenzake kama bisi kwenye sufuria, halafu ubao mzima ukalala chini na turubai likapasuka. Viatu vyangu vilitangulia mlangoni. Majirani walikuja mbio na ndoo, nikaguswa na huruma yao mpaka nilipotambua kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa akichota maji.

Kambale ana kiungo cha kumwezesha kupumua hewa, kwa hiyo hawakutapatapa. Waliondoka kwa mapezi yao, kila mmoja na hamsini zake. Mmoja alijificha chini ya kochi la mama mkwe, na kumtoa kungenilazimu kupiga magoti na kupenyeza mkono karibu na miguu yake, jambo ambalo katika ukoo wetu lingehitaji kikao cha wazee. Nilisimama na ndoo nikitazama dari. Yeye aliinama, akampapasa, akambana kichwani nyuma ya miiba ya mapezi na kumtumbukiza ndooni. "Shika vizuri, baba. Bado tisa."

Hadi jioni tuliwapata tisa kwa jumla. Wa kumi tulimpata siku ya nne kwa kufuata harufu, chini ya kabati la vyombo.

Siku ya tano fundi alikuja kuchukua salio lake. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikikauka, na turubai liko kambani, lakini nguzo alizozifunga sakafuni kwa bolti zilikuwa zimesimama wima katikati ya sebule, hakuna hata moja iliyotikisika. Alihesabu fedha zake taratibu, akaipiga kofi ile ya mwisho.

"Sasa zinaonekana vizuri, mzee."