Mwanafunzi wa udaktari akae benchi la chanjo

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari hapa Uganda namna mwili unavyoweka kumbukumbu ya ugonjwa baada ya chanjo, atakueleza bila kukwama. Kisha muulize hili: mtoto ana miezi saba, alipata dozi moja tu ya Penta, ile chanjo moja inayokinga magonjwa matano, mama akapotea, leo amerudi. Aanze upya? Wengi wananyamaza. Mtoto anaendelea pale alipoachia, na nesi wa kituo cha afya hulijibu swali hilo huku akijaza kadi.

Nawafundisha vijana hawa na ninawapenda, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Sisi walimu tumewaacha waamini kwamba chanjo ni kazi ya manesi. Tukiwapeleka vijijini kwa mafunzo, wanakimbilia wodi na chumba cha kuzalishia. Siku ya chanjo, kina mama wamejaa barazani, mwanafunzi haonekani.

Na pale barazani kuna mambo mazito. Chukua kichupa cha surua na rubela cha dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake, kinachobaki baada ya saa 6 kinatupwa. Ameletwa mtoto mmoja tu, katimiza miezi tisa. Nesi anakitazama kichupa, anahesabu alivyobakiwa navyo mpaka wilaya ilete vingine, anamwambia mama arudi Alhamisi. Wako wasiorudi. Msimamo wangu ni kwamba kichupa kifunguliwe, hata kwa mtoto mmoja, maana surua ikishaingia kijijini haingoji Alhamisi. Lakini nataka mwanafunzi amsikilize nesi yule kwanza, aelewe hofu ya kuishiwa, ndipo wabishane. Daktari atakayesimamia kituo kesho bila kuyajua haya atatoa amri zisizotekelezeka.

Kuna pia suala la baridi. Wanafunzi wengi wanadhani kadiri friji inavyokuwa baridi zaidi ndivyo chanjo inavyohifadhika. Penta ikiganda imeharibika. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Mpe mwanafunzi kichupa kilichoganda kikayeyuka na kingine kizima, avitikise vyote viwili, aone kwa macho yake jinsi mashapo ya kile kibovu yanavyozama upesi. Hatasahau.

Ila pengo kubwa liko kwenye mazungumzo. Chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi inatolewa nchi nzima tangu 2015, kwa wasichana wa miaka 10, na bado baba anakuja kuuliza kama binti yake atakuwa tasa. Chanjo ya malaria iliyoanza Aprili 2025 inatolewa katika miezi 6, 7, 8, kisha 18. Nani atamweleza mama kwa nini arudi baada ya kimya kirefu namna hiyo, na kwa nini mtoto aendelee kulala ndani ya neti? Katika vituo vya mpakani kama Mpondwe, tunapopakana na Kongo, itabidi aelezwe kwa Kiswahili, na kijana aliyesomea kila kitu kwa Kiingereza anajikuta hana la kusema. Sheria ya Chanjo ya 2017 inaweza kumfikisha mzazi mahakamani, lakini swali la yule baba linabaki palepale, na anayestahili kulijibu ni musawo, yaani daktari, aliyeketi mbele yake.

Mwanafunzi husoma kile anachojua ataulizwa, kwa hiyo tuliingize jambo hili kwenye mtihani wa mwisho. Aketishwe mbele ya mzazi mwenye wasiwasi na kadi yenye mapengo. Apewe alama kwa kuuliza kabla ya kuhubiri, kwa kutaja bila kuficha kwamba homa na uvimbe kidogo huweza kutokea, kwa kupanga tarehe ya kurudi ambayo mama mwenyewe ameikubali. Akishindwa, arudie, kama anavyorudia mtihani wa upasuaji.