Mwalimu wetu wa Ulyankulu

Nimesoma habari ya kustaafu kwa mwalimu wetu hapa Ulyankulu, makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi mkoani Tabora, machozi yakanilenga. Wazazi wangu waliikimbia Burundi mwaka 1972. Mama hakukijua Kiswahili cha ofisini. Kila barua ilipokuja alimpelekea mwalimu, naye aliisoma taratibu, mara mbili, kisha akamwandikia majibu bila kudai hata soda. Wakati wa maombi ya uraia alikaa chini ya mwembe hadi giza linaingia, akiwajazia wazee fomu. Darasani hakuruhusu mtoto aitwe "mkimbizi", kila mmoja alikuwa na jina lake. Na asubuhi alitusalimia kwa Kirundi, "mwaramutse", yeye Mnyamwezi wa Urambo!

Tuliosoma kwake tuchangishane mabati, nyumba yake haijaezekwa. Shikamoo mwalimu. Mama bado anakuulizia.