Pomboo hafi ghafla, sisi ndo tunachelewa kumwona

Kila nikisoma kwamba pomboo au simba-bahari (yule mnyama wa baharini anayefanana na sili) anayefugwa bwawani kwa ajili ya shoo amekufa ghafla, alafu baadaye inatajwa kwamba walipompasua walikuta kansa imeshafika kwenye ini na mapafu, naumia sana. Kansa iliyofika mapafuni haikuanza juzi. Huyo mnyama alikuwa anaumwa mbele ya watu wanaompa samaki kila siku.

Sawa, kumpima si kazi rahisi, na hilo nalikubali kabisa. Waswahili tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, sasa hawa viumbe kuficha maradhi ndo ulinzi wao, baharini anayeonyesha udhaifu papa anamwona wa kwanza, kwa hiyo hata bwawani pasipo na papa ataendelea kuruka na kula mpaka siku mwili ugome kabisa. Pia kuna lile tabaka nene la mafuta chini ya ngozi, yaani anakonda ila kwa macho bado unamwona mnene, na ukimbonyeza tumbo kutafuta uvimbe vidole havifiki popote.

Usifikirie pia kwamba utamlaza tu kwa nusukaputi umalize. Pomboo havuti pumzi bila kujijua kama sisi, kila pumzi ni ya kuamua, hata akilala nusu ya ubongo inabaki macho. Ukimzimisha anaacha kupumua, lazima mashine impumulie. Sam Ridgway, aliyekuwa daktari wa pomboo wa jeshi la maji la Marekani, alikuwa kati ya waliofungua hiyo njia miaka ya 1960, ila mpaka leo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Na beluga, yule nyangumi mweupe, wa zaidi ya tani moja utamlaza kwenye siti skani gani?

Kwenye damu ndo watu wengi wanadanganyika. Hakuna kipimo kimoja cha damu kitakachokuambia hii ni kansa. Damu kupungua, chembe nyeupe kupanda, vipimo vya ini kupanda, vyote vinaweza kuwa maambukizi tu, tena pomboo wa bwawani wengine wanarundika madini ya chuma kwenye ini mpaka vipimo vinapanda bila kansa yoyote. Ndo maana mimi nasema namba ya leo peke yake haina maana. Lete namba zake mwenyewe, za mwaka jana na mwaka juzi, wakati yuko mzima, uziweke pembeni ya hii ya leo uone kilichobadilika.

Na hizo namba zinapatikana kwa uvumilivu tu. Pomboo aliyefundishwa vizuri anageuka chali pembeni ya bwawa, anamwekea mtunzaji mkia kwenye mapaja, anatulia, sindano inaingia kwenye mshipa wa pezi la mkia na yeye hatikisiki, akimaliza anapewa samaki wake anaondoka. Kwa mafunzo hayohayo anakaa ubavu daktari ampitishie altrasaundi, anapuliza pumzi kwenye kisahani ikaangaliwe maabara, anameza mpira wa kutolea maji ya tumboni. Anaachama pia, na hilo lisidharauliwe kwa sababu pomboo wanapata kansa ya mdomo, kidonda kisichopona chini ya ulimi mtunzaji makini atakiona kwa tochi. Hakuna kamba wala kukimbizana. Saa za mafunzo haya zikipunguzwa ili shoo ziongezeke, huo kwangu ni uonevu kwa mnyama ambaye hana pengine pa kwenda.

Kwa simba-bahari wa California ndo kabisa hakuna kisingizio, maana kansa yao inajulikana. Kwenye kituo cha The Marine Mammal Center kule California, kati ya wakubwa waliookotwa ufukweni wakafa, karibu mmoja kati ya watano anakutwa na kansa ya sehemu za uzazi na njia ya mkojo. Utafiti uliotoka 2020 ulionyesha virusi vya herpes na sumu za viwandani na za kuua wadudu kama PCB na DDT zilizojaa kwenye mafuta yao vinashirikiana kuleta kansa hiyo. Inaanzia huko chini, inapanda kwenye mitoki ya kiunoni, inabana, mapezi ya nyuma yanavimba au yanapooza. Wa bwawani nao wanaipata. Kwa hiyo simba-bahari jike mtu mzima akianza kuburuta pezi la nyuma, tafadhali usiniambie uzee, mpige altrasaundi, kisha ukikuta uvimbe kata kipande kidogo cha nyama yake kikapimwe. Kukuta kirusi peke yake pia haitoshi, wengi wanacho na hawana kansa, jibu la mwisho linatoka kwenye kile kipande cha nyama chini ya darubini.

Kitu kingine ni mizoga. Kule Kanada, mto St. Lawrence, watafiti walichunguza mizoga ya beluga mwaka hadi mwaka kuanzia miaka ya 1980 na wakaandika walichokuta, ndo ikajulikana kansa ilikuwa nyingi mno, ikahusishwa na sumu za viwanda vya alumini, alafu baadaye ikaonekana waliozaliwa baada ya 1971 hawakukutwa nayo. Hayo yote yametoka kwenye mizoga iliyoandikwa wazi. Sasa mabwawa yana kitu ambacho watu wa mtoni hawajawahi kuwa nacho, yaani mnyama mmoja na damu yake ya miaka 20 mpaka siku anakufa, kwa nini hiyo rekodi ifungiwe kabatini wakati kuna daktari mahali ana pomboo mwenye dalili zilezile na anabahatisha?

Sisemi kila kansa ni uzembe, wa bwawani wengine wanazeeka kuliko wenzao wa baharini na uzee unakuja na kansa. Ila nikisikia amekufa ghafla, siku hizi nauliza kwanza altrasaundi yake ya mwisho ilipigwa lini, na ilionyesha nini.