Afande na Adui wa Mita 30

Mjomba wangu alistaafu jeshini, ila jeshi halijastaafu ndani yake. Hapa Kasenyi, Entebbe, kila mtu anamwita Afande. Alipofunga mashine ya kutafutia samaki kwenye boti lake, alitupanga mstari ufukweni tuikague.

Usiku huo ziwa lilikuwa shwari kabisa. Mashine ikawa inatuma mlio chini na kusubiri mwangwi, mara kiooni ukatokea mkanda mnene mwekundu, kama mita 30 chini, toka ukingo hadi ukingo.

"Mputa!" Afande akanong'ona, yaani sangara, eti wasimsikie. "Kundi zima! Shusha wavu!"

Tukashusha. Mkanda ukapanda. "Vuta!" Tukavuta. Mkanda, bila haraka yoyote, ukashuka. Kamba ilinichuna viganja mpaka nikawa naishika kwa shati.

"Mzee, hilo ni wimbi," akasema binamu yangu, msomi wetu wa fizikia.

"Wimbi gani na maji yamelala?"

"Limo ndani." Akaeleza: maji ya vuguvugu hukaa juu ya yale ya baridi, na mpaka wao huinuka na kushuka huku juu kukiwa kimya. Mabuu ya sami, wale nzi wa ziwani, huning'inia hapo. Wana vifuko vya hewa, na sauti ikigonga hewa hurudi. Baharini ndiko kuna balaa. Kusini mwa China mawimbi hayo huweza kupita kimo cha mita 200. Sauti majini hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, na hupinda kuelekea kwenye baridi; mpaka ukitikisika, inatupwa ovyo. Katika Bahari ya Njano sauti ilikuwa ikififia kupita kiasi wakati wa kiangazi, hadi mwaka 1991 watafiti walipoyanyooshea kidole mawimbi hayo. Hata nyambizi inaweza isisikike.

Hapo Afande akasimama wima. "Kumbe adui anaweza kujificha humo?"

"Anaweza, lakini Mzee..."

"Shusha wavu!"

Alfajiri adui akapanda mwenyewe: wingu la sami, puani, masikioni, kwenye tangi la petroli. Afande alikuwa anatoa amri mdomo wazi, akameza kikosi kizima.

Bandarini mama mwenye mizani akachungulia ndani ya boti, akamsikiliza binamu akirudia somo lote, kisha akamgeukia Afande.

"Na ile pesa yangu ya petroli, mzee wangu, nayo imepigwa na wimbi la ndani?"