Mafundi Wetu Hawapimi, Wanabadilisha

Nimelipa shilingi 18,500 kwa kifaa ambacho hakikuwa kimeharibika. Risiti ninayo. Kifaa cha zamani ninacho pia, kimelala ndani ya mfuko wa kaki juu ya friji, kizima kabisa, kinanitazama kila ninapofuata maziwa.

Injini ni ya boti ya shemeji yangu wa Naivasha, Yamaha ya farasi 15, ile ya kuchanganyia oili kwenye petroli. Alikuwa akitembeza wageni ziwani kuona viboko. Ziwa lilipofura 2020 na maji kuingia mpaka mtaa wa Kihoto, aliifungua mashine kwenye boti, akaiegemeza ukutani stoo, akaenda kutafuta unga kwingine. Juzi juzi amepata mtu wa kukodi boti. Akavuta kamba mpaka bega likafa ganzi. Kimya. Basi akaipandisha juu ya matatu, kilo zaidi ya 35, akaniletea. "Shemeji, huko Grogan kuna mafundi."

Wapo, sikatai. Pale Grogan, Nairobi (Kirinyaga Road wanaijua wachora ramani), nimeona gari lililokuwa banda la kuku likiondoka kwa mlio wake lenyewe. Lakini huyu wetu alivuta kamba mara tatu, akainamisha kichwa kama daktari anayesikiliza kifua, akatoa hukumu: "Bosi, CDI imeenda." Yaani kile kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche.

Hakuchomoa plagi kuona kama inatoa cheche. Narudia, kwa faida ya walio nyuma: hakuchomoa plagi.

CDI ikanunuliwa, ikafungwa, kamba ikavutwa. Kimya kilekile. "Basi ni koili." Koili, ile inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi, ni 7,000. Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia kazi hii ameifanya miaka ishirini. Hilo ndilo jibu nililopewa, na nikaona niibebe mashine yangu niende.

Hasira yangu si ya ile 18,500 peke yake. Ni huu mtindo wa kutibu mashine kwa kubahatisha, mgonjwa akiwa mfuko wa mteja. Gari likikohoa, badilisha pampu. Pampu si yenyewe? Badilisha sensa. Jokofu halipoi, leta kompresa. Kila spea ambayo haikuwa yenyewe inabaki kwako kama ukumbusho, na fundi amelipwa ufundi wa kila moja. Amecheza kamari na hajaweka senti yake mezani.

Na injini hizi si siri ya wakubwa! Inataka cheche, inataka mafuta, inataka mgandamizo ndani ya silinda. Ukikuta haiwaki, kimoja kati ya hivyo hakipo, au kipo kwa wakati usiofaa. Kazi ya fundi ni kujua kipi kabla hajaita boda boda ya kuleta spea.

Jumamosi nikaifunga mashine kwenye pipa la maji la lita 200 nyuma ya ploti. Kwetu maji huja Jumanne na Ijumaa, yakijisikia, kwa hiyo lile pipa lilikuwa ufuaji wa wiki nzima na mke wangu alilitaja hilo zaidi ya mara moja. Nikaanza na vya aibu. Kile kipande chekundu cha kamba ya usalama, ambacho kikichomoka injini haiwaki, kiko mahali pake? Kipo. Gia iko nyutro? Iko. Kifuniko cha tangi kimefunguliwa kipumulio? Sasa kimefunguliwa. Nikabinya ile pampu ya mpira, ikawa ngumu kama ngumi. Maana yake petroli imefika kwenye kabureta.

Nikavuta kamba mara kumi, nikachomoa plagi. Kavu! Injini imevutwa mara kumi na plagi haina hata unyevu wala harufu ya petroli. Nikaitia kwenye kofia yake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu, nikavuta. Cheche ya buluu. Silinda ya pili, vilevile. Nikarudisha CDI ya zamani, ile "iliyoenda". Cheche ya buluu.

Hapo nilikaa juu ya debe kwa muda.

Kisha nikachukua kijiko kimoja cha petroli iliyochanganywa, nikamimina kupitia tundu la plagi, nikafunga, nikavuta. Ikaguruma sekunde mbili, tatu, ikafa. Jamani, kijiko! Mashine iliyowaka kwa kijiko ina cheche na ina mgandamizo. Inalia njaa tu. Kipimo hicho kinachukua dakika kumi, na gharama yake haifiki bei ya chapati.

Kabureta nilipoifungua nilikuta chini yake kitu kama asali iliyoganda, kinanuka rangi ya mafuta. Petroli ya 2020. Jeti, kile kipande cha shaba nyeupe chenye tundu dogo la kupitisha petroli, nikaielekeza juani: giza. Nikaisafisha kwa unywele wa waya wa shaba, polepole, kwa sababu ile shaba nyeupe huchimbika na tundu likipanuka umeleta shida nyingine. Mvuto wa tano ikawaka, moshi ukajaa ploti, keateka akaja mbio kuuliza nimechoma nini.

Ila haikojoi. Maji ya kuipoza hayatoki ubavuni hata tone. Nikaizima papo hapo. Impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji hayo, ilikuwa imelala upande mmoja tangu enzi za barakoa, mapezi yake ya mpira yamepinda na kukakamaa. Hiyo ndiyo spea pekee iliyohitajika, na ndiyo pekee ambayo hakuna aliyeitaja.

Haya, haki ya fundi nayo. Shemeji hakumwambia mtu kwamba aliiweka mashine na petroli ndani. Na sisi wateja tunamsimamia fundi kichwani tukitazama saa, kisha hatutaki kulipia kupima. Tunalipia kitu tunachokishika mkononi. Sawa. Lakini swali la "ilikaa muda gani?" halina bei.

Rafiki zangu wananicheka: injini ya boti Nairobi, mji ambao bwawa lake la mashua za tanga, Nairobi Dam la 1953, tuliliachia magugu-maji. Wacheke. Shemeji atakuwa na watu sita kwenye boti, wengine hawajui kuogelea, na viboko wameinua macho mita chache mbele. Hapo kamba ikivutwa isijibu, hakuna wa kumuuliza ana miaka mingapi kazini.

Jana fundi amenipigia. Koili imefika, nipitie na ile 7,000. Nikamuuliza kama CDI inarudishwa. Simu ikakatika. Mtandao, bila shaka.