Kitanda Kimoja, Chandarua Kimoja, Mbu Wote Wangu

Naomba kueleza jambo ambalo limenisumbua kwa miaka 11 ya ndoa, na ninalieleza kwa utulivu, ingawa wakati huu mkono wangu wa kushoto uko kwenye kifundo cha mguu ukikuna. Mimi na mke wangu tunalala kitanda kimoja, ndani ya chandarua kimoja, katika chumba kimoja huku Mbagala. Ugali tunakula wa sufuria moja. Hata hivyo, kila asubuhi yeye huamka na ngozi laini kama mtu aliyelala hotelini, na mimi huamka na vipele. Jumanne iliyopita nilivihesabu kwa tochi ya simu: mguu wa kulia 17, wa kushoto tisa, na kimoja juu ya kope, mahali ambapo mpaka leo sielewi mbu alisimama vipi.

Faraja ninayopewa ni moja tu: "Baba Neema, una damu tamu." Jirani yangu wa chumba cha pili naye husema hivyo hivyo, akinitazama kwa huruma huku amevaa kaptula jioni bila wasiwasi wowote. Kwa muda mrefu niliyapokea maneno hayo kama sifa, kwa sababu Waswahili wakisema mtu ana damu ya kunguni wanamaanisha kwamba hapendwi, nami nikajiona kuwa angalau damu yangu inapendwa, hata kama wanaoipenda wana mabawa. Sifa hiyo iliporomoka siku binti yangu wa darasa la tatu aliponiuliza, "Baba, mbu anajuaje kwamba damu ni tamu kabla hajaionja?"

Nilimwambia amalizie kazi zake za shule. Usiku huo, badala ya kulala, nikaanza kusoma.

Kumbe mbu hana habari na utamu. Anachofuata ni hewa ya ukaa tunayoitoa tukipumua, ambayo huinusa akiwa umbali wa makumi ya mita, kisha akikaribia hufuata joto la mwili na harufu ya ngozi. Ndiyo maana huja kuimba karibu na sikio: pua na mdomo, vinavyomwita, viko jirani hapo. Na ule wimbo hautoki mdomoni mwake. Ni mabawa yanayopigapiga mamia ya mara kwa sekunde. Mtu mwenye mwili mkubwa hutoa hewa hiyo kwa wingi zaidi, na hapa Mama Neema alikitazama kitambi changu bila kusema neno. Sasa mimi nifanyeje, niache kupumua?

Nikasoma pia kwamba wanaouma ni majike peke yao, kwa sababu wanahitaji protini ya damu ili mayai yao yakomae, wakati madume hunywa maji matamu ya maua na kwenda zao bila kumsumbua mtu. Nilifanya kosa la kulisoma hilo kwa sauti. "Kwa hiyo," akasema mke wangu, "kila usiku majike yanakufuata mpaka kitandani, na mimi nimelala hapo hapo." Nilipojaribu kubadilisha mazungumzo, nikaangukia utafiti uliofanyika Burkina Faso na kuchapishwa mwaka 2010, ambao ulionyesha kwamba watu waliokunywa pombe ya kienyeji waliwavutia mbu wa malaria kuliko walivyowavutia kabla ya kunywa, ilhali waliokunywa maji hawakubadilika. Huo aliusoma yeye mwenyewe, mara mbili, na Jumamosi yangu imekuwa na maswali mengi tangu hapo.

Lakini lililoniuma kuliko mbu wenyewe ni suala la kuwashwa. Mdomo wa mbu una sindano sita nyembamba, na anapozichomeka hutia mate yanayozuia damu isigande, ili anywe kwa raha zake. Mwili ukigundua kwamba kuna mate ya mgeni, humwaga kemikali iitwayo histamini. Hiyo ndiyo inayovimbisha ngozi na kuleta muwasho. Yaani mbu ananiibia na kuondoka, na baada ya hapo mwili wangu mwenyewe unaniadhibu mimi. Ni sawa na mgambo wanaofika mwizi akiwa ameshavuka mtaa wa tatu, kisha wakaanza kumpiga mwenye nyumba. Nimewalisha mgambo hao kwa miaka 42, ugali, dagaa na matembele, na hii ndiyo kazi wanayonifanyia.

Bado nilitaka kujua kwa nini iwe mimi na isiwe yeye. Jibu lilitoka New York, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, ambako mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya kazi yao na watu 64 waliovaa soksi za nailoni mikononi, zikanyonya harufu ya ngozi, kisha vipande vya soksi hizo vikashindanishwa mbele ya mbu. Mtu mmoja, aliyejulikana kwa namba 33, aliwavuta mbu takribani mara 100 kuliko namba 19, ambaye hawakumjali kabisa. Tofauti yao ilikuwa kwenye asidi fulani za mafuta ya ngozi, ambazo wanaopendwa na mbu wanazo kwa wingi, na walipopimwa tena baada ya muda mrefu hali ilikuwa ile ile. Namba 33, popote ulipo, pokea salamu za ndugu yako wa Mbagala. Namba 19 ninamfahamu. Ananikoromea ubavuni kila usiku.

Huenda ningeishia hapo na kumwachia Mungu, kama nisingekutana na habari za Mholanzi Bart Knols, ambaye mwaka 2006 alipata tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, kwa kuonyesha kwamba mbu wa malaria huvutwa na jibini la Limburger kama wanavyovutwa na harufu ya miguu ya binadamu. Wanaotengeneza harufu hizo mbili ni bakteria wa jamii moja. Sijawahi kuiona jibini hiyo, ila Mama Neema alisema hana haja ya kuiona. Katika majaribio ya Knols, mtu alipooshwa miguu kwa sabuni ya kuua bakteria, mbu waliacha kuipendelea miguu. Nikachota ndoo nzima, nikasugua mpaka kati ya vidole, nikalala kwa matumaini. Sikusoma aya iliyofuata, iliyosema kwamba mbu hao hawakuondoka, walitawanyika tu wakauma popote. Asubuhi miguu ilikuwa salama, na vipele vyote vilikuwa mgongoni, pale katikati ambapo mkono haufiki ukitokea juu wala ukitokea chini.

Mkombozi wangu alitoka karibu zaidi, Ifakara, bonde la Kilombero, ambako Fredros Okumu na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walitengeneza harufu ya kuiga ya binadamu ambayo, ikiwekwa kwenye kibanda chake na mtu akalala kwenye kibanda kingine, iliwavuta mbu wengi kuliko yule mtu. Baadaye wakajaribu hata soksi zilizovaliwa, wakiziweka kwenye mitego nje ya nyumba. Nilipomsomea mke wangu habari hiyo, aliinuka bila kuaga, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoka na soksi zangu za wiki nzima akiwa amezishika kwa vidole viwili, akaenda kuzining'iniza kwenye kamba ya nguo iliyo kati ya dirisha letu na la jirani.

Usiku huo niliumwa mara nne tu. Asubuhi nilipotoka kupiga mswaki, nilimkuta jirani ameketi kwenye ngazi, amevaa suruali ndefu, anajikuna shingo.

"Mbu wamezidi sana jana," akaniambia. "Nahisi na mimi nimeanza kuwa na damu tamu."

Nikampa pole, nikapita haraka upande wa kamba.